Kava Iliyovuliwa: Historia ya Kulika kwa Cheni na Sproketi Nje ya Lami

Pikipiki ikifanya kazi nje ya lami, cheni na sproketi zake huisha mapema, na ukiuliza sababu utatajiwa vumbi, tope, mizigo na spea feki. Majibu hayo yote yana ukweli. Lakini vumbi na tope vilikuwapo kabla ya pikipiki, na wahandisi wa mwanzo walivijua vizuri kwa kuwa barabara zao nyingi hazikuwa na lami. Dawa yake waliipata: kuifungia cheni ndani ya kava pamoja na oili yake. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu tunaoubebesha mchanga imetokana na uamuzi wa kuivua cheni kava hiyo. Uamuzi huo ulizaliwa kwenye viwanja vya mashindano, ambako ulikuwa na maana, kisha ukahamia kwenye pikipiki za kazi ambazo hazikuuhitaji.

Cheni yenyewe ni kazi ya Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, Uingereza, mwaka 1873. Mwaka 1879 alinunua karakana ndogo ya Salford iliyokuwa ikitengeneza cheni za mashine za nguo, na mwaka uliofuata akasajili hataza ya cheni ya bushi na rola. Kabla yake, bamba za cheni zilizunguka moja kwa moja juu ya pini. Bamba ni jembamba, hivyo mzigo wote uliangukia ukingo mdogo wa chuma na pini ikalika upesi. Renold alipachika bushi kati ya bamba mbili za ndani, pini ikawa inazunguka ndani ya bushi kwa urefu wake wote, na juu ya bushi akavisha rola inayobiringika kwenye jino la sproketi bila kulikwaruza. Ubunifu huo ndio tunaoununua dukani hadi leo, na ubovu wake unaanzia humo humo ndani ya viungo. Cheni ya saizi ya 428, inayofungwa kwenye pikipiki nyingi ndogo, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Ikiwa na pingili 120, urefu wake ni milimita 1,524. Kila kiungo kikipoteza robo ya milimita tu kati ya pini na bushi, cheni nzima itaongezeka takriban milimita 30, yaani asilimia 2, na hapo imekwisha. Chuma chenyewe hakijarefuka popote. Kilichoongezeka ni nafasi iliyochimbwa ndani ya viungo 120, mahali ambapo jicho halifiki.

Cheni iliyokufa ikikatwa na pini yake kusukumwa nje, ushahidi unaonekana wazi. Upande mmoja wa pini unang'aa na una bonde linalohisiwa kwa ukucha. Upande wa pili bado una rangi yake ya kiwandani, kwa sababu mvuto wa injini huja kila siku kutoka upande ule ule. Ndani ya bushi kuna uji mzito mwekundu au mweusi: mabaki ya grisi, chembe za chuma na udongo wa barabarani. Kwenye udongo huo kuna kwatzi, madini yanayojaa katika mchanga wa mito na katika changarawe nyingi, na kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs. Chuma cha kawaida kiko chini ya hapo, na hata chuma kilichokazwa kwa moto hakiwezi kuvumilia kusagwa nayo saa nane kwa siku. Mafuta yaliyowekwa ili kulinda kiungo ndiyo yanayoibeba kwatzi na kuiingiza ndani, nayo ikishaingia haina njia ya kutoka.

Cheni iliyorefuka huharibu sproketi kwa hesabu nyepesi. Pingili zake zimepishana na nafasi za meno, kwa hiyo rola haikai tena chini, kwenye kitako cha jino. Inapanda juu na kusukuma ubavu. Mzigo uliokuwa ukigawanywa kwa meno mengi unabaki kwa machache, nayo yanachongoka na kulala upande mmoja. Sproketi ya mbele ndiyo inayoteseka zaidi. Ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, kila jino la mbele linakutana na cheni mara tatu wakati la nyuma linakutana nayo mara moja. Kila pingili inapoizunguka ile ya mbele hukunjwa karibu digrii 26, na ya nyuma chini ya digrii 9. Kwa hiyo dereva anayepunguza meno ya mbele ili apate nguvu ya kupanda mlima anailipa nguvu hiyo mara mbili: cheni inakunjwa zaidi, na mvuto juu yake unaongezeka kwa kuwa sproketi ndogo inahitaji kuvuta kwa nguvu kubwa zaidi kwa kazi ile ile ya injini.

Cheni iliingia kwenye pikipiki kwa sababu ya barabara mbovu. Pikipiki nyingi za miaka ya mwanzo ya karne ya 20 zilivuta gurudumu la nyuma kwa mkanda wa ngozi au wa mpira. Mkanda ulikuwa rahisi na laini, lakini ukilowa ulikuwa unateleza, na mlimani ulimwacha dereva anasukuma. Mwaka 1911 mashindano ya Isle of Man yalihamishiwa kwenye njia ya mlima, mzunguko wa kilomita zipatazo 60, na sehemu ya juu ilikuwa njia ya udongo na mawe. Pikipiki za Indian kutoka Marekani, zikiwa na cheni na gia mbili, zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika daraja la juu. Mshindi alikuwa Oliver Godfrey. Miaka miwili iliyofuata, 1912 na 1913, Scott nao walishinda kwa cheni. Msomaji makini atakumbusha kwamba mwaka 1914 ushindi ulirudi kwa mkanda, kupitia Rudge yake Cyril Pullin, na ni kweli. Hata hivyo ushindi huo haukuuokoa mkanda. Katika muongo uliofuata ulitoweka karibu kabisa, kwa sababu mwenye pikipiki wa kawaida alikuwa na mvua, matope na milima kila wiki, wala hakuwa na fundi wa kumngojea kando ya njia.

Wale walioleta cheni walijua pia kwamba cheni iliyo wazi haitadumu. Ujuzi huo walikwisha kuupata kwenye baiskeli. John Marston wa Wolverhampton, ambaye kiwanda chake kilianza kwa kutengeneza vyombo vya bati vilivyopakwa vanishi, aliuza baiskeli za Sunbeam zenye cheni iliyofungiwa ndani ya kisanduku chembamba chenye oili kidogo chini yake. Cheni ilipita kwenye oili hiyo kila mzunguko, na vumbi halikupata mlango. Alipoanza kutengeneza pikipiki mwaka 1912, aliendelea na kanuni ile ile: cheni ya mbele na ya nyuma zote zilifungiwa. Kanuni hiyo inastahili heshima kuliko inavyopewa katika historia ya pikipiki, ambayo hupenda kusimulia injini na kasi. Sanduku la Marston lilikabili kila sababu ya kulika kwa cheni kwa pamoja: lilizuia kwatzi, lilileta oili safi, na lilizuia maji yasiioshe oili hiyo.

Swali la haki linafuata. Kama dawa ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini iliachwa? Gharama ni jibu mojawapo. Sanduku zuri la bati lilihitaji kazi ya mikono, na watengenezaji wa pikipiki za bei nafuu waliona bamba dogo la juu, la kulinda suruali, linatosha. Jibu jingine ni pancha. Gurudumu la nyuma likitoka mara kwa mara, kila skrubu ya ziada ni kero. Lakini jibu lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni mashindano ya porini. Mwaka 1924 yalifanyika Camberley, kusini mwa Uingereza, mashindano ya kukimbiza pikipiki kwenye vichaka na mchanga ambayo wengi huyahesabu kuwa mwanzo wa motokrosi. Katika mchezo huo kila gramu ina hesabu yake, tope likinasa ndani ya kava linaweza kulizuia gurudumu, na cheni inatakiwa iishi hadi bendera ya mwisho tu. Kesho yake fundi atafunga mpya. Mshindani aliyeivua kava alifanya jambo la akili kabisa kwa kazi yake.

Tatizo ni kwamba sura ya pikipiki ya mashindano ndiyo iliyokuja kuwa sura ya pikipiki yoyote ya nje ya lami. Yamaha walipotoa DT-1 mwaka 1968, walimuuzia mtu wa kawaida wa Marekani chombo cha kupita msituni Jumamosi na kuendea kazini Jumatatu, na cheni yake ilikuwa wazi. Honda, ambao Super Cub yao ya mwaka 1958 ilikuwa na kava kamili ya cheni, walipotengeneza toleo la porini kwa soko hilo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliongeza sproketi kubwa ya pili nyuma kwa ajili ya milima, na kava ikaondoka. Chombo kile kile kilikuwa na ulinzi kamili kwenye lami ya mjini, kikaupoteza kilipopelekwa kwenye udongo, mahali ulipohitajika zaidi.

Wapo wanaosema haikuwezekana vinginevyo, na hoja yao ina msingi wa kiufundi. Gurudumu la nyuma linapopanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, kwa kuwa ile ya mbele haikai juu ya kiungo ambacho mkono wa nyuma unazungukia. Mwaka 1973 Yamaha walitumia shokapu moja iliyobuniwa na Mbelgiji Lucien Tilkens, na Håkan Andersson akachukua ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250. Baada ya hapo mwendo wa gurudumu la nyuma uliongezeka kutoka milimita 100 hivi hadi karibu 300 katika muda wa miaka michache. Cheni ya pikipiki kama hiyo hulegea na kukaza kwa kiasi kikubwa katika kila bonde, na sanduku gumu la bati lisingeweza kuifuata. Kwa pikipiki ya motokrosi ninakubali hoja hiyo bila masharti.

Kwa pikipiki nyingine historia inakataa. Kiwanda cha MZ cha Zschopau, Ujerumani Mashariki, kilipitisha cheni ndani ya mirija miwili ya mpira yenye mikunjo, na sproketi ya nyuma ikafunikwa na kisanduku chake. Mpira ulijikunja na kunyooka pamoja na mkono wa nyuma, na cheni ikabaki safi. Yeyote anayedhani mtindo huo ulifaa kwa wazee wa mjini aangalie matokeo ya mashindano ya kimataifa ya Siku Sita, yanayopita msituni, kwenye tope na mawe: Ujerumani Mashariki, kwa pikipiki za MZ, ilitwaa kombe kuu mfululizo kuanzia 1963 hadi 1967. Katika miaka ya 1970 Yamaha wenyewe walitengeneza AG100 kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand, watu wanaofuata mifugo kwenye mito na vumbi, na kampuni ikaifunga cheni ndani ya kava kamili. Suzuki walifanya hivyo kwa TF125. Pikipiki hizo zilifika Afrika mikononi mwa maofisa wa mifugo, kilimo na afya, na sifa yao ya kudumu haikutoka kwenye injini peke yake. Mkulima wa New Zealand aliliona jambo ambalo mnunuzi wa DT-1 hakulazimika kuliona: kwake cheni ilikuwa gharama ya shamba.

Pingamizi jingine linasema cheni za kisasa zenye pete za mpira, zile zinazoitwa cheni za oringi, zimelimaliza suala lote. Zilianza kuenea miaka ya 1970, na ni maendeleo makubwa kweli. Pete ndogo kila upande wa kiungo hufungia grisi ya kiwandani kati ya pini na bushi, na kwatzi hubaki nje. Ila pete hizo hulinda sehemu moja kati ya tatu zinazolika. Kati ya bushi na rola hakuna pete, na kati ya rola na jino hakuna pete. Huko mchanga unaendelea na kazi yake, ndiyo maana sproketi huchongoka hata cheni ikiwa nzima. Mpira nao huumizwa na petroli, brashi ya waya na pampu ya maji ya kasi, vitu vitatu vinavyopatikana kila mahali pa kuoshea pikipiki. Na bei yake iko juu ya cheni ya kawaida, hivyo pikipiki nyingi za biashara katika nchi zetu bado zinatembelea cheni isiyo na pete yoyote.

Hapo ndipo historia hii inapotufikia moja kwa moja. Bodaboda ilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kisha ikahamia kwenye pikipiki. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mwaka 2008, chombo hicho kikawa usafiri wa kila kijiji, na Tanzania nayo ikajaa pikipiki za China na India. Kwa kazi yake hii ni pikipiki ya porini: inatembea kwenye changarawe, kwenye udongo mweusi wa masika na kwenye mchanga wa pwani, tena ikiwa na abiria wawili au magunia. Sio chache zilizofika na kava kamili ya cheni. Kava hiyo ndiyo kitu cha kwanza kutoka. Inagongagonga ikilegea, inachelewesha kuziba pancha, na pikipiki isiyo nayo inaonekana ya kijana zaidi. Bati linabaki kwenye kona ya gereji, na cheni inaanza kuishi maisha ya motokrosi bila fundi wa motokrosi.

Kinachofuata ni matengenezo yanayoongeza ugonjwa. Cheni iliyo wazi hukauka, basi hupakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Oili hiyo imekwisha kubeba masizi na chembe za chuma, ni nyepesi, hurushwa nje baada ya kilomita chache, na unyevu unaobaki hukusanya vumbi lote la siku. Cheni ikianza kupiga kelele hukazwa, na mara nyingi hukazwa pikipiki ikiwa tupu hadi isicheze kabisa. Pikipiki ndogo nyingi zinataka cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati, na kuna sababu: mzigo ukishusha shokapu, ekseli ya nyuma inasogea mbali na sproketi ya mbele na cheni inajikaza yenyewe. Iliyokazwa kupita kiasi huwa kama waya wa gitaa abiria wakishapanda, na mvuto huo huumiza pini, meno na beringi ya shafti ya gia kwa pamoja. Mkazaji asipolinganisha alama za kulia na kushoto kwenye mkono wa nyuma, sproketi hulika ubavuni. Ikikosa nafasi ya kukazwa tena, hukatwa pingili, jambo ambalo halirudishi hata chembe moja ya chuma kilichopotea. Mwisho inafungwa cheni mpya juu ya sproketi za zamani. Cheni hiyo yenye vipimo sahihi hukutana na meno yaliyokwisha kuchongwa na cheni ya kwanza, na kuharibika kwake huanza siku ile ile.

Utetezi wa madereva ninauelewa, na sehemu yake ni kweli. Kava huficha cheni, na kisichoonekana hakihudumiwi. Kava iliyoachwa mwaka mzima bila kufunguliwa inaweza kugeuka chombo cha kuhifadhi tope. Lile tundu la ukaguzi lenye kifuniko cha mpira, ambalo kava nyingi huwa nalo, liliwekwa kwa sababu hiyo: kupima mlegeo na kuweka oili bila kufungua kitu. Wapo pia wanaosema tatizo ni chuma duni. Chuma duni kipo, kinauzwa, na kinafupisha maisha ya cheni. Hata hivyo chuma bora kilicho wazi kwenye kwatzi kinaishia pale pale, kwa kuchelewa kidogo, huku mwenyewe akiwa amelipa zaidi. Kati ya sababu zote zilizo mikononi mwa dereva, kava ndiyo ya bei ndogo, kwa kuwa alishainunua pamoja na pikipiki.

Kwa hiyo wizara, halmashauri na mashirika yanaponunua pikipiki za maofisa ugani na wahudumu wa afya, masharti ya zabuni yataje kava kamili ya cheni, kama yanavyotaja ukubwa wa injini. Waagizaji walete kava na skrubu zake kama spea, kwa sababu nyingi huachwa kwa kukosa skrubu moja. Na wewe dereva, ukienda kubadilisha cheni, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, kaza ukiwa umempakia mtu wa uzito wa kawaida ili uuone mlegeo ulivyo kazini, kisha umwambie fundi alitafute lile bati kwenye kona ya gereji na kulirudisha mahali pake.